Mtu wa kumi: barua ya wazi kutoka mwaloni kwa wanaopanga sera za kazi

Igombe, Ilemela, Mwanza

Kwa Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya kazi. Kwa wajumbe wa Baraza la Ushauri la Kazi, Uchumi na Jamii, hasa wale wanne wanaokaa upande wa waajiri. Na kwa viongozi wa Chama cha Waajiri Tanzania.

Shikamooni wakubwa zangu, na wengine habari za kazi.

Mwaka mzima nilikataa kumwajiri mtu wa kumi.

Kazi ilikuwepo, na fedha ya mshahara wake ilikuwepo. Mwenyewe pia alikuwepo: binti aliyemaliza kidato cha nne, mwepesi wa hesabu kuliko mimi, ambaye kila alfajiri alikuja mwaloni, ufukweni boti zinaposhusha samaki, kuanika dagaa kwa malipo ya ndoo. Nilikuwa na watu tisa kwenye daftari la mishahara nikaamua wabaki tisa. Nitaeleza kwa nini, na naomba msinihukumu kabla hatujamaliza hesabu.

Tangu Julai 2021, tozo ya kuendeleza ujuzi inamgusa mwajiri mwenye watu kumi na kuendelea. Zamani ilianzia watu wanne, kwa hiyo kwa sisi wadogo lile lilikuwa punguzo la kweli. Kiwango chenyewe nacho kimekuwa kikishuka: asilimia 6 ya mishahara, ikawa 5 mwaka 2013, baadaye 4.5, kisha 4, na mwaka 2023 ikafika 3.5. Hapo waliotusemea walifanya kazi, sina budi kusema.

Sasa shikeni kalamu. Tuseme kila mmoja wangu analipwa shilingi 400,000. Mtu wa tisa ananigharimu mshahara wake, asilimia 10 yangu ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ambayo ni 40,000, na asilimia 0.5 ya Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ambayo ni 2,000. Jumla 442,000. Mtu wa kumi naye ananigharimu hiyo hiyo 442,000, halafu anakuja na mgeni nyuma yake, kwa sababu akishaingia yeye, tozo haidaiwi kwenye mshahara wake peke yake. Inadaiwa kwenye mishahara ya wote kumi. Asilimia 3.5 ya milioni nne ni 140,000. Mtu wa kumi, basi, ni 582,000 kwa mwezi. Na wa kumi na moja? Anarudi chini, 456,000.

Ngazi yote ni nzima isipokuwa kipago kimoja, nacho kiko katikati, mahali ambapo biashara ndogo inajaribu kuwa ya kati. Pitieni mialo, gereji za Nyakato na mashine za kukoboa za Igoma, muulize kila bosi ana watu wangapi kwenye daftari. Mtashangaa jinsi Mungu alivyoipenda namba tisa.

Hakuna aliyekusudia hivyo. Waliosogeza mstari kutoka wanne hadi kumi walitaka kutusaidia na walitusaidia. Lakini mwajiri mwenye watu wanane angeulizwa wakati mstari unachorwa, angesema kwa dakika mbili: toza kuanzia mshahara wa mtu wa kumi, wale tisa wa nyuma waache. Serikali ingekosa vijisenti kidogo kwa wadogo, na ingepata watu wa kumi wengi kwenye vitabu vya NSSF. Hili si jambo la profesa wala la mfanyabiashara mwenye watu mia nne, ambaye kwake ngazi hii haipo kabisa. Linaonekana ukiwa umesimama chini ya kipago chenyewe.

Ndiyo maana nimewaandikia.

Najua Baraza lipo kwa sheria. Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004 ndiyo iliyoliunda, na wengi wanalijua kwa kifupi chake, LESCO. Wanne wa Serikali, wanne wa waajiri, wanne wa wafanyakazi, na wanne walioteuliwa kwa ujuzi wao. Halikupewa kazi ndogo. Linatakiwa kuishauri Serikali, kupitia kwa Waziri, kuhusu sera za uchumi na za jamii, kuhusu kukuza uchumi pamoja na haki, kuhusu kupunguza ukosefu wa ajira. Na sheria ya kazi inayopendekezwa inatakiwa ipite mbele yake kabla haijafika kwenye Baraza la Mawaziri. Mimi si mwanasheria. Nasoma kama mtu anayelipa mishahara, na neno lililonivutia katika maneno yote hayo ni "kabla".

Ushauri una saa yake kama dagaa. Dagaa anayetoka majini alfajiri inabidi saa tatu asubuhi awe ametandazwa kwenye kichanja, ale jua la siku nzima. Mzigo ule ule ukinifikia saa tisa alasiri ni hasara tayari. Mvua ikipiga usiku, kesho nauza chakula cha kuku. Na bei ya dagaa wa kuku mnaijua au mtaambiwa.

Niwape mfano wa ushauri uliochelewa jua. Huku kwetu kila kitu kinaenda kwa msimu. Uvuvi wa dagaa unafuata mwezi: wakati wa giza boti zinaingia ziwani na taa, dagaa wanafuata mwanga, alfajiri mwalo mzima unachemka. Mbalamwezi ikija taa inakosa maana, boti zinapumzika, nyavu zinashonwa, wengine wanarudi Ukerewe au Sengerema kuangalia mashamba. Pamba nayo hivyo hivyo, vinu vinaunguruma miezi michache halafu kimya. Hata viwanda vya minofu vya hapa mjini vinategemea sangara ameletwa kiasi gani. Akipungua, zamu zinapungua.

Sasa angalieni Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, nayo ya 2004. Ilitambua mikataba ya aina tatu: usio na ukomo, wa muda maalumu, na wa kazi mahususi. Ule wa muda maalumu ukawekwa kwa ajili ya wataalamu na mameneja. Mwanamke anayeanika dagaa siku ishirini za giza si meneja. Kazi yake haiishi kama ukuta unavyoisha kujengwa, kwa hiyo si kazi mahususi. Na kumpa mkataba usio na ukomo, wakati siku zote za mbalamwezi hana cha kufanya, hakuna tajiri wa mwaloni aliyethubutu. Akaitwa kibarua. Akabaki kibarua.

Mwaka ule wa 2004 mimi mwenyewe nilikuwa kibarua mwaloni, nalipwa kwa beseni. Marekebisho ya sheria yaliyoruhusu mkataba wa muda maalumu kwa kazi za msimu yamekuja 2025. Sheria imenifikia nikiwa tayari mwajiri.

Nashukuru imefika. Lakini miaka 21 ili taifa lenye pamba, korosho, kahawa, katani, utalii na ziwa lenye nusu yake ndani ya mipaka yetu litambue kwamba kuna kazi zinakuja na kuondoka? Hicho kitu alikuwa anakijua kila mwenye kinu cha kuchambua pamba. Ama hakuulizwa, ama aliulizwa akazungumzia jambo lingine, ama alisema na maneno yake yakalala kwenye faili. Katika hayo matatu yote kuna kazi ya kurekebisha, na moja angalau ni letu waajiri.

Na bado swali halijaisha. Je, giza ni msimu? Msimu wa pamba ni mmoja kwa mwaka, giza linarudi kila mwezi. Nikimpa mwanikaji mkataba wa giza la mwezi huu, nikampa wa giza lijalo, na lijalo, kuna siku ataniambia amekuwa wa kudumu, na pengine atakuwa na haki. Nimeuliza watu watatu wenye elimu ya sheria, nikapata majibu matatu. Mheshimiwa Waziri, mwongozo wa kurasa mbili kuhusu jambo hili ungewatoa wanawake wengi wa mialo kwenye neno "kibarua". Lakini mwongozo huo usiandikwe bila mtu aliyewahi kushika ndoo ya dagaa kukaa mezani.

Nije kwenye namna tunavyoulizwa.

Niliwahi kualikwa kwenye kikao cha wadau, katika ukumbi wa hoteli mjini. Ofisi iliyoita sitaitaja, si lengo langu kumwaibisha mtu. Simu ilipigwa Jumanne jioni, kikao Alhamisi asubuhi, giza likiwa limekolea, siku ambazo mimi saa kumi na moja alfajiri niko ufukweni nikigombania bei. Nikaenda. Mlangoni nikakabidhiwa kitabu cha rasimu, kwa Kiingereza, kinene kiasi cha kupigia mbu. Asubuhi yote ilikuwa hotuba za kufungua. Baada ya chakula tukaambiwa muda si rafiki yetu, kila mdau dakika mbili. Mwenzangu mmoja mwenye karakana alitumia moja na nusu kuwashukuru waandaaji. Ilipofika zamu yangu nilisema nusu ya sentensi kuhusu mbalamwezi, watu wakacheka, nadhani walidhani ni utani wa kimapenzi. Kisha picha ya pamoja.

Nilisaini karatasi ya mahudhurio kwa sababu ndiyo iliyokuwa na nauli. Baadaye nikasikia kwamba wadau wa Kanda ya Ziwa walishirikishwa ipasavyo. Ni kweli. Saini yangu ipo.

(Neno hili "mdau" nalo ni tatizo. Mdau ni mtu anayehudhuria. Mwajiri, mfanyakazi, mvuvi, hayo ni majina ya watu wenye kitu cha kupoteza.)

Sasa linganisheni na kile ambacho sheria inanidai mimi. Nikitaka kupunguza wafanyakazi kwa sababu za kiuchumi, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini inanitaka nitoe taarifa mara ninapoanza kufikiria kupunguza, niwape taarifa zote zinazohusika, halafu nishauriane nao kabla ya kupunguza: sababu ni zipi, kuna njia ya kuepuka au kupunguza makali, nani ataondoka na kwa kigezo gani, lini, na malipo gani. Nikiwaita Jumanne jioni kwa kikao cha Alhamisi na kuwapa dakika mbili mbili, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi itanila mzima, na itakuwa sahihi. Ukanda huu tunajua kwa nini kifungu hicho kina maana. Umoja wa Ulaya ulipozuia samaki wa ziwa hili mwishoni mwa miaka ya 1990, watu wa viwandani walirudi nyumbani bila kujua kama wamesimamishwa au wameachishwa.

Basi ninachoomba ni kipimo hicho hicho kirudi juu. Mnapofikiria kubadili tozo, kima cha chini, au sheria ya ajira, shaurianeni nasi mapema kama mnavyotutaka sisi tushauriane na wafanyakazi wetu mapema. Rasimu itangulie mwezi mmoja, na iwe ya Kiswahili. Tangu 2021 Kiswahili ni lugha ya sheria na mahakama katika nchi hii, kwa hiyo hapo siombi hisani. Kikao kiitwe wakati wa mbalamwezi. Na baada ya hapo tuletewe karatasi moja inayosema: mlisema haya, haya tumeyachukua, haya tumeyakataa kwa sababu hii. Kukataliwa si shida. Mimi nakataliwa bei kila siku na maisha yanaendelea. Shida ni kutojua kama ulisikika.

Nchi yetu iliridhia mwaka 1983 Mkataba namba 144 wa Shirika la Kazi Duniani, unaotaka Serikali, waajiri na wafanyakazi washauriane kuhusu viwango vya kazi vya kimataifa. Utatu huu, wakubwa, si wa juzi. Chama cha Waajiri chenyewe ni cha tangu 1960. Na Mwanza ina historia yake ya watu waliojua jambo kwa sababu liliwaumiza: wakulima wa pamba waliokuwa wakipunjwa kwenye mizani ya wanunuzi ndio waliojikusanya hadi kufikia 1955 wakawa na muungano wao wa vyama vya ushirika, Victoria Federation, Paul Bomani akiwa mbele. Walianza na mizani, wakafika kwenye siasa ya nchi.

Kuhusu kima cha chini nitasema kidogo, maana kelele zake ni nyingi na mimi si mmoja wa wanaolia. Mfanyakazi asiyeshiba anaiba, na asiyeiba anaugua. Hoja yangu ni nyingine. Amri ya mshahara inapanga malipo kwa saa, kwa siku, kwa wiki, kwa mwezi. Kwenye boti ya dagaa hakuna hata kimoja cha hivyo. Kuna mgao: mzigo unauzwa, mafuta na chakula vinatolewa, kinachobaki kinagawanywa kati ya tajiri mwenye boti na nyavu, na nahodha na vijana wake. Siku ya mzigo kijana anashika fedha ambayo karani wa ofisini haoni kwa wiki. Siku ya upepo anadaiwa chakula alichokula majini. Sasa huyu ni mfanyakazi wa tajiri au mbia wake? Akizama, Mfuko wa Fidia unamjua? Bodi za mishahara zinapokaa, sekta ya uvuvi imewekwa pamoja na huduma za majini, na sauti ya mtumbwi wa Kayenze inazama mapema. Hapa matajiri wa boti wenyewe wanapaswa kuitwa na kubanwa, maana wengi wao (nawajua, tunauziana) wanafurahia hali ilivyo: anapodai ni tajiri, anapodaiwa mchango wa NSSF ni mbia.

Hapo nimeanza kutusema sisi wenyewe, acha niendelee.

Ndugu waajiri wenzangu, na ninyi wanne mliopo mezani: tukipewa nafasi ya kushauri kuhusu uchumi na jamii, tunashauri nini? Tozo. Ishuke. Na ikishuka, ishuke tena. Michango ya Mfuko wa Fidia ilikuwa asilimia 1 kwa sekta binafsi, ikawa 0.6, kisha 0.5 mwaka 2022, nami nafaidika, siwezi kujifanya mtakatifu. Lakini sheria haikusema baraza la tozo. Ilisema uchumi na jamii, na upande ule wa pili tumewaachia wengine, wakati sisi ndio tunaoiona jamii saa kumi na mbili asubuhi ikiingia getini.

Daraja la Kigongo na Busisi lilipofunguliwa, Juni 2025, nilipiga vigelegele kama wengine. Mzigo wangu wa Geita uliokuwa ukilala kwenye foleni ya kivuko sasa unavuka kilomita zile 3 kwa dakika chache. Lakini ndani ya muda mfupi wanawake watatu wakaja kuniomba kazi, na wote watatu walikuwa wakiuza samaki wa kukaanga na chai kwa abiria waliokuwa wakisubiri kivuko. Foleni ilikuwa mtaji wao. Sisemi daraja lisingejengwa, Mungu apishe mbali. Nasema getini kwangu nilijua habari ya watu hao kabla haijaandikwa popote, na hakuna mahali ambapo mwajiri anapeleka habari ya namna hiyo. Fomu zote nilizonazo zinaniuliza nimelipa shilingi ngapi.

Au watoto. Kazi ya kuanika inaanza gizani. Mama anakuja na mmoja mgongoni, na wa miaka miwili amemwacha nyumbani na dada yake wa miaka tisa, ambaye leo hatakwenda shule. Kila mwajiri wa mwaloni anawaona hao watoto. Mimi nilitenga kibanda chenye kivuli karibu na stoo, nikamlipa bibi mmoja awalee asubuhi. Utoro kazini ukapungua hata nikajilaumu kwa nini sikufanya mapema. Haukuwa wema, ulikuwa hesabu. Serikali inapojenga au kukarabati mwalo inaweka choo, sakafu ya kupokelea samaki na ofisi ya kikundi cha usimamizi wa uvuvi. Iweke na chumba cha watoto kwenye ramani. Huo ni ushauri wa mwajiri kuhusu uchumi na jamii kwa sentensi moja, na haudai punguzo la kodi.

Mmeonyesha kwamba inawezekana. Marekebisho yale ya 2025 yalimwongezea likizo mama aliyejifungua mtoto njiti. Mwajiri mwenye roho finyu ataona gharama. Mimi niliwahi kuwa na mpakiaji aliyerudi kazini mtoto wake akiwa bado hospitali, anapakia dagaa huku maziwa yakimlowesha gauni, na siku ile nilimrudisha nyumbani bila kujua sheria inasemaje. Leo inasema. Bima ya afya kwa wote, sheria ya 2023, nayo itahitaji waajiri wanaosema ukweli kuhusu nani hasa ni mfanyakazi wao. Hilo nitaliandikia siku nyingine, ni refu.

Jambo la mwisho ni ile tozo yenyewe, maana jina lake ni la kuendeleza ujuzi. Tuna chuo cha ufundi cha VETA pale Nyakato, tuna chuo cha uvuvi cha FETA pale Nyegezi. Vyote viko karibu kiasi kwamba daladala moja au mbili zinakufikisha. Wanawake wangu hawajawahi kukanyaga hata kimoja, kwa sababu kozi zimepangwa kwa mtu mwenye miezi ya kukaa darasani. Lakini kila mwezi, ziwa zima linawapa watu hawa siku kama kumi za kukaa bure. Mbalamwezi ni darasa tupu. Mwalimu mmoja wa ufungashaji na usafi wa chakula, fundi mmoja wa majokofu, mtu mmoja wa hesabu za biashara, waje mwaloni siku tano kila mbalamwezi, wafundishe hapo hapo, watoe cheti kwa vipande vipande hadi kikamilike. Dagaa waliokaushwa kwenye kichanja, wakachambuliwa na kufungwa vizuri, hawauzwi bei ya dagaa wa mchangani. Mkifanya hivyo nitalipa asilimia 3.5 bila kununa. Nitalipa hata kwa wale tisa.

Mimi bado si mwanachama wa Chama cha Waajiri. Kosa hilo ni langu, na mwezi huu nalirekebisha, ili mkinijibu msije mkasema hamnitambui. Ila na ninyi njooni. Msije na msafara. Njooni wawili au watatu wakati wa giza muone, halafu mrudi wakati wa mbalamwezi tuongee, maana giza likiwepo hakuna atakayewasikiliza, hata mimi. Saa kumi na mbili asubuhi boti zinakuwa zimeshaingia. Vaeni viatu vya kulowa. Chai ya maziwa ipo, na muhogo.

Wenu,
mwajiri wa watu kumi na mmoja, Igombe.

Nyongeza: Wa kumi na wa kumi na moja niliwaajiri siku moja, ili lile donge ligawanyike mara mbili. Wa kumi ndiye yule binti, na ndiye aliyechapa barua hii kwenye kompyuta ya stoo. Ameniomba niongeze kwamba kwenye taarifa yake ya NSSF ile miezi kumi na miwili haipo.